Mhandisi wa Udhibiti Hulipwa Nini?

Mwaka huu sisi wa kidato cha nne tunachagua tahasusi. Wengi wakiulizwa wanataka kuwa nani, hujibu, "Mhandisi, kwa kuwa hulipwa vizuri." Lakini ni kazi gani hiyo, hulipwa kiasi gani, na nani asemaye hivyo? Nimeyachunguza maswali hayo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza kazi yenyewe. Mhandisi wa udhibiti ndiye aufanyaye mtambo ujiongoze. Tutazame mfano wa karibu nasi: kituo cha umeme cha Hale katika mto Pangani, kilichofunguliwa mwaka 1964 na kujengwa kutoa megawati 21. Jioni watu wakiwasha taa, mzigo huongezeka na mashine hutaka kupunguza mwendo. Papo hapo kidhibiti huupima mwendo huo na kufungua njia ya maji zaidi, ili umeme ubaki kwenye mizunguko 50 kwa sekunde. Taa zikizimwa, huibana njia ile. Kidhibiti kikipangwa vibaya, mashine yaweza kuharibika na watu wakakaa gizani.

Pili, nani asemaye? Kwetu Tanzania, kima cha chini hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Amri iliyoanza Januari 2023, kwa mfano, iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa kilimo. Lakini kima cha chini hakitwambii mhandisi mkuu apata nini.

Huko Marekani iko njia nyingine. Mwajiri atakaye kumwajiri mtaalamu mgeni kwa viza ya H-1B hupeleka kwanza hati katika Wizara ya Kazi, akitaja kazi, mahali na mshahara. Mshahara huo usipungue ule awalipao wengine wenye kazi na sifa kama hizo, wala ule wa kawaida wa eneo lile. Ulio mkubwa ndio ufuatwao. Mshahara wa kawaida una ngazi nne, tangu anayeanza hadi bingwa. Hati hizo mtu yeyote aweza kuzisoma.

Tatu, tuzisomeje? Hati ni ahadi ya mshahara, si stakabadhi ya malipo. Kodi ya serikali haijakatwa, na pango la nyumba katika mji kama San Francisco ni kubwa mno. Tena neno "mkuu" hutolewa na mwajiri; afadhali kutazama ngazi.

Tujihadhari pia na wastani. Tuseme wahandisi watano wapata dola 80,000, 90,000, 100,000, 110,000 na 320,000 kwa mwaka. Wastani ni 140,000, lakini wanne kati yao hawaufikii! Mshahara wa katikati, yaani 100,000, ndio unaotwambia ukweli zaidi. Kwa takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2023, zaidi ya nusu ya wahandisi wa umeme walipata zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka.

Basi wenzangu, fedha hiyo ipo, lakini hulipwa mtu awezaye kuaminiwa na mtambo. Njia yake yapita katika fizikia na hisabati. Mwenye kuyapenda masomo hayo ayachague bila hofu. Asiyeyapenda asivutwe na tarakimu aliyoisikia bwenini.