Betri ya lithiamu kwa boti: piga hesabu ya usiku, si ya dukani

BEI ya betri ya lithiamu humshtua mwenye boti anapoiona dukani kwa mara ya kwanza. Pembeni yake ipo betri ya asidi yenye maandishi yanayofanana, volti 12 na ampea-saa 100, kwa bei iliyo chini sana. Wengi huchukua ile ya bei ya chini na kuondoka. Wengine huchukua lithiamu kwa kuambiwa kwamba haifi. Makundi yote mawili yamenunua bila hesabu, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Somo la wiki hii linatumia mfano wa boti ya dagaa ya Ziwa Victoria, ambako taa za LED zinazotumia betri zimeingia mahali pa karabai. Uvuvi wa taa hufanyika usiku wa giza na husimama mbalamwezi inapokuwa kubwa. Tuseme basi boti hiyo inafanya kazi usiku 20 kwa mwezi, yaani 240 kwa mwaka.

Mahitaji kwanza

Hatua ya kwanza ni kujua umeme unaotumika kwa usiku mmoja. Taa zenye jumla ya wati 80 zikiwaka saa 10 hutumia wati-saa 800. Simu, redio na kifaa cha kutafuta samaki vikichukua wati 20 kwa muda huo huo, ni wati-saa 200. Jumla ni 1,000.

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye lebo. Lakini ikitumiwa kupita nusu kila mara hufa mapema, hivyo mwenye boti ahesabu 600 tu. Atahitaji betri mbili, ambazo kwa pamoja zina uzito wa karibu kilo 60.

Betri ya lithiamu ya aina inayofaa botini ina volti 12.8, hivyo ampea-saa 100 ni wati-saa 1,280. Hiyo yaweza kutumiwa asilimia 80 bila madhara makubwa, yaani wati-saa 1,024. Inatosha moja, yenye uzito wa kilo 12 hivi. Kwa kijana anayeibeba kila asubuhi kwenda kuichaji nchi kavu, tofauti hiyo si ndogo.

Fedha

Bei zifuatazo ni za mfano. Kila mmoja aweke za sokoni kwake. Betri mbili za asidi kwa shilingi 450,000 kila moja ni shilingi 900,000. Zikitunzwa vizuri na kudumu usiku 500, kila usiku umegharimu shilingi 1,800.

Lithiamu moja tuseme ni shilingi 1,300,000. Watengenezaji wengi hutaja mizunguko 3,000 ya kuchaji na kutumia. Kwa usiku 240 kwa mwaka hiyo ni zaidi ya miaka 12, na betri huzeeka hata ikiwa imekaa. Ni busara kuhesabu miaka 10, yaani usiku 2,400. Kila usiku utagharimu karibu shilingi 540.

Faida inaonekana, lakini haiji siku ya kununua. Ukigawa shilingi 1,300,000 kwa 1,800 unapata usiku 722. Hapo ndipo lithiamu inapokuwa imerudisha fedha yake yote kwa kipimo cha asidi, na kwa boti hii ni miaka mitatu. Ikifa kabla ya hapo, mnunuzi amepata hasara ingawa alinunua kitu bora.

Hivyo dhamana ya muuzaji isomwe pamoja na hesabu hiyo. Dhamana ya mwaka mmoja inamwacha mnunuzi na miaka miwili ya hatari peke yake. Anayenunua kwa mkopo aongeze riba kwenye bei kabla ya kugawa, kwa kuwa riba huisogeza mbele siku ya faida.

Boti ya matembezi inayotoka mara 50 kwa mwaka ina hesabu nyingine. Betri zake za asidi zitakufa kwa umri, pengine mwaka wa nne au wa tano, kabla ya kumaliza safari 500. Lithiamu itaonyesha faida pale tu seti ya pili ya asidi inapotakiwa kununuliwa. Mwenye mtaji mdogo ana haki ya kusubiri.

Yanayovuruga hesabu

Kwanza ni aina. Inayoshauriwa kwa boti ni ile ya chuma na fosfati, kwa sababu huvumilia joto zaidi na haishiki moto kwa urahisi kama zile za nikeli na kobalti. Dalili yake ni volti 12.8 kwenye lebo, kwa kuwa ina seli nne za volti 3.2. Lebo ya volti 11.1 au 14.8 ni ya aina nyingine.

Pili ni bodi ya ulinzi iliyo ndani, inayojulikana kwa herufi BMS. Bodi ya ampea 100 hutoa karibu wati 1,280 tu. Ukifunga inveta ya wati 2,000 na kuitumia yote, bodi itakata umeme ghafla, pengine katikati ya ziwa.

Tatu ni chaji. Lithiamu hii huchajiwa kwa volti 14.2 hadi 14.6. Chaja za betri za maji zenye hatua ya kupandisha hadi volti 15 au zaidi hazifai. Alteneta ya injini nayo isiunganishwe moja kwa moja, kwani lithiamu hunywa umeme mwingi na yaweza kuiunguza. Kiwekwe kifaa cha kupunguza kati yake na betri, pamoja na fyuzi karibu na nguzo chanya.

Nne ni lebo ya uongo. Kabla ya kumaliza malipo, betri ijazwe na kufungwa mzigo wa wati 100. Yenye wati-saa 1,280 za kweli itakwenda karibu saa 12. Ikizima baada ya saa sita, ni nusu ya betri kwa bei ya betri nzima.

Kwa anayeagiza

Tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri hizi zikisafirishwa peke yake kama mzigo haziruhusiwi katika ndege za abiria. Kwa njia ya bahari ni mzigo wa hatari wa daraja la 9, na muuzaji anatakiwa kutoa cheti cha majaribio ya UN 38.3. Asiye na cheti huacha mzigo wa mteja ukwame bandarini.

Aidha, kujaza ghala kuna hatari yake. Kaboneti ya lithiamu nchini China ilikaribia yuan 600,000 kwa tani mwezi Novemba 2022, na kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa imeporomoka hadi karibu 100,000. Mali inayoshuka bei hivyo huagizwa kwa kiasi cha wateja waliopo.

Mnunuzi aende dukani na tarakimu tatu mkononi: wati-saa za usiku mmoja, idadi ya usiku kwa mwaka, na siku ambayo fedha yake itakuwa imerudi. Muuzaji ambaye dhamana yake haifiki siku hiyo apunguze bei, au mnunuzi aendelee na asidi.