SOMO: MWAMUZI ALIYESIMAMA PEKE YAKE

Usomaji: Kutoka 23:1-3

Somo letu ni maisha ya John Marshall Harlan wa Marekani, askari aliyekuja kuwa mwamuzi wa Korti Kuu ya nchi yake.

1. Askari. Alizaliwa mwaka 1833 katika jimbo la Kentucky, katika jamaa yenye watumwa. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza mwaka 1861, alikusanya watu akawa kanali wao, upande wa serikali. Lakini alipigania umoja wa nchi tu. Kufunguliwa kwa watumwa alikupinga, hata baada ya kuacha jeshi mwaka 1863.

2. Kugeuka. Vita ilipokwisha, makundi ya weupe yaliwapiga na kuwaua watu weusi waliowekwa huru. Harlan akageuka. Mwaka 1871, alipotafuta kuwa gavana, wapinzani walimkumbusha maneno yake ya zamani. Hakuyakana, alikiri mbele ya watu kwamba mawazo yake yamebadilika.

3. Mwamuzi. Aliingia Korti Kuu mwaka 1877. Mwaka 1892, katika jimbo la Louisiana, Homer Plessy alikamatwa kwa kukaa katika behewa la weupe. Shauri lake lilipokatwa mwaka 1896, waamuzi 7 walisema kutenganisha watu ni halali. Harlan peke yake alikataa, akaandika kwamba katiba haitazami rangi ya mtu. Alishindwa siku ile, akafa mwaka 1911. Lakini mwaka 1954 waamuzi wote 9 wa korti ile ile walisema kwamba kutenganisha watoto wa shule kwa rangi ni kinyume cha katiba.

4. Tusimfanye malaika. Katika maandiko yale yale ya mwaka 1896 aliwadharau Wachina. Mtu anaweza kufunguka jicho moja, la pili likabaki limefumba.

Tushike hili: vitani Harlan alikuwa na kikosi nyuma yake, kortini hakuwa na mtu. Ushujaa wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Na asingeuweza kama asingekubali kwanza kugeuka.

Maswali ya kujibu pamoja:
a) Katika mabaraza yetu, ni nani anayesema hapana wakati wote wanasema ndiyo?
b) Ni watu gani ambao macho yetu bado yamefumba juu yao?