Mada ya 7: Mawimbi ya Redio na Uchaguzi wa Antena ya Masafa Mengi

Malengo ya mada

Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kukokotoa urefu wa wimbi la redio kutokana na masafa yake;
(b) kukokotoa urefu wa antena ya robo wimbi;
(c) kueleza kwa nini antena moja huweza kufaa masafa zaidi ya moja;
(d) kuchagua antena ya gari na kutoa sababu za kifizikia.

7.1 Tatizo lenyewe

Chukua mfano wa kikosi cha doria ya moto katika mashamba ya miti ya Uchindile. Uchindile iko milimani, kando ya reli ya TAZARA, kati ya Mlimba na Makambako. Miteremko yake imepandwa misindano na mikaratusi. Wakati wa kiangazi moto ukishika majani makavu hupanda mlima kwa kasi, na watu walio juu hutegemea redio kujua upepo umegeukia wapi. Ujumbe mmoja usipofika, watu wanaweza kuzingirwa na moto.

Gari la kikosi lina redio ya kusaka masafa, ambayo wengi huiita skana. Inatakiwa kupokea doria kwenye 150 MHz na kituo kikuu kwenye 450 MHz. Taarifa ya habari ya FM kwenye 100 MHz ni nyongeza tu. (Masafa haya ni ya mfano wa hesabu.) Dukani kuna antena tatu za fimbo:

A: sentimita 17
B: sentimita 50
C: sentimita 100

Muuzaji anasema, "Chukua ndefu, ndiyo inayovuta." Je, ni kweli? Usijibu kwa kukisia. Kokotoa kwanza.

7.2 Kanuni ya msingi

Mawimbi ya redio ni mawimbi ya sumakuumeme. Hewani husafiri kwa mwendokasi wa mwanga, yaani c = 3 × 10⁸ m/s. Kwa hiyo:

c = f × λ, yaani λ = c ÷ f

Hapa f ni masafa kwa hezi na λ ni urefu wa wimbi kwa mita. Ukiweka masafa kwa megahezi moja kwa moja, tumia njia fupi: λ = 300 ÷ f.

Wimbi linapopita kwenye fimbo ya chuma husukuma elektroni zipande na kushuka. Fimbo ikiwa na urefu wa robo ya wimbi, mtikisiko huo hulingana na urefu wa fimbo na mkondo unaofika redioni huwa mkubwa. Hali hii ni rezonansi, ileile uliyoisoma kwenye mada ya sauti, hewa ndani ya bomba lililozibwa upande mmoja inapovuma kwa nguvu bomba likiwa robo ya wimbi.

Mfano wa 1. Kokotoa urefu wa antena ya robo wimbi kwa 150 MHz.

λ = 300 ÷ 150 = 2 m
Robo wimbi = 2 ÷ 4 = 0.5 m = sentimita 50

Fanya vivyo hivyo kwa masafa mengine, upate jedwali hili:

| Masafa | Urefu wa wimbi | Robo wimbi |
|---|---|---|
| 1 MHz (masafa ya kati) | 300 m | 75 m |
| 100 MHz (FM) | 3 m | 75 cm |
| 150 MHz | 2 m | 50 cm |
| 450 MHz | 0.67 m | 17 cm |

Angalia mstari wa kwanza. Hakuna gari linaloweza kubeba fimbo ya mita 75. Ndiyo maana redio nyingi hupokea masafa ya kati kwa koili iliyozungushiwa kipande cha feraiti ndani ya redio.

Mafundi hukata fimbo fupi kidogo kuliko hesabu, takriban asilimia 5, kwa sababu ya unene wa chuma na athari ya ncha yake. Katika mtihani tumia hesabu kamili isipokuwa swali limesema vingine.

7.3 Antena moja, masafa zaidi ya moja

Rezonansi haitokei kwenye robo wimbi peke yake. Kama ilivyo kwa bomba lililozibwa upande mmoja, hutokea pia kwenye robo tatu, robo tano, na kuendelea kwa namba witiri.

Mfano wa 2. Antena ya sentimita 50 ni ya robo wimbi kwa 150 MHz. Itafaa masafa gani mengine?

Robo tatu ya wimbi = 50 cm
λ = 50 × 4 ÷ 3 = 66.7 cm = 0.667 m
f = 300 ÷ 0.667 = 450 MHz

Antena B imepata kazi zote mbili muhimu. Antena A inafaa 450 MHz lakini ni fupi mno kwa 150 MHz. Antena C ni nusu wimbi kwa 150 MHz. Hapo mkondo kwenye shina lake huwa mdogo, na redio haipati vizuri bila kifaa cha kulinganisha. Muuzaji amekosea: antena bora ni ile inayolingana na wimbi.

FM haikulingana na B, lakini stesheni yenye nguvu itasikika tu, kwa kuwa kupokea huvumilia zaidi kuliko kurusha. Redio inayorusha ikiunganishwa na antena isiyolingana, sehemu ya nishati hurudi redioni na inaweza kuiharibu.

7.4 Mahali pa kuifunga

Fimbo ya robo wimbi ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati la paa la gari, linalofanya kazi kama kioo. Kwa hiyo:

1. Ifunge katikati ya paa la chuma. Paa la turubai au la plastiki halifai.
2. Isimame wima, kwa sababu redio za magari na za mkononi hurusha mawimbi yaliyo wima. Ukiilaza unapoteza nguvu nyingi.
3. Waya wake uwe mfupi. Waya hula nishati, na hula zaidi masafa yanapokuwa makubwa.

7.5 Bonde na mlima

Mawimbi ya 150 MHz na 450 MHz husafiri karibu na mstari ulionyooka. Kwenye uwanda tambarare, kama bonde la Kilombero karibu na Ifakara, kinachoweka mpaka ni mviringo wa dunia. Umbali wa upeo wa macho kwa kilomita ni takriban:

d = 3.57 × √h (h kwa mita)

Mfano wa 3. Antena ya gari iko mita 2.25 juu ya ardhi: d = 3.57 × 1.5 = kilomita 5.4. Gari hilohilo likipanda kilima kilichoinuka mita 400 juu ya uwanda: d = 3.57 × 20 = kilomita 71, mradi hakuna mlima katikati.

Hili ndilo jambo kubwa kwa Uchindile. Mlima ukikaa kati yako na mwenzako, antena ya bei mbaya haiutoboi. Sogeza gari hadi mgongo wa kilima. Kimo hushinda urefu wa fimbo.

7.6 Sheria

Nchini Tanzania masafa husimamiwa na TCRA. Kifaa cha mawasiliano ya redio huhitaji leseni, na Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini.

Epuka makosa haya

- Kusahau kugeuza MHz kuwa Hz unapotumia 3 × 10⁸.
- Kuishia kwenye λ bila kugawanya kwa 4.
- Kuandika "antena B ni nzuri" bila sababu. Alama ziko kwenye sababu.

Maswali ya kujipima

1. Kokotoa urefu wa antena ya robo wimbi kwa 125 MHz. (alama 3)
2. Fimbo ya sentimita 75 ni robo wimbi kwa 100 MHz. Taja masafa yanayofuata yatakayoleta rezonansi. (alama 2)
3. Treni ya TAZARA inapoingia handakini, stesheni ya 1 MHz hupotea mapema kuliko ya 100 MHz. Eleza. (alama 3)

Majibu

1. λ = 300 ÷ 125 = 2.4 m; robo = sentimita 60.
2. Robo tatu ya wimbi: 3 × 100 = 300 MHz.
3. Wimbi la 1 MHz lina urefu wa mita 300, ambao ni mkubwa sana kuliko upana wa handaki, hivyo haliwezi kupenya ndani. La 100 MHz lina mita 3, hivyo huingia umbali fulani kabla ya kufifia.