Iodini Yafichua Ugonjwa

Wanafunzi wenzangu, nyote mnaijua iodini ya maabara. Ukiidondosha juu ya kipande cha ugali, hugeuka buluu iliyokaribia weusi, nasi tunaandika daftarini: wanga upo. Wengi huishia hapo tu. Lakini dawa hiyo, aliyoitengeneza daktari Mfaransa Jean Lugol mnamo 1829, ina kazi nyingine hospitalini.

Seli zenye afya za mlango wa kizazi, hali kadhalika za umio, huweka akiba ya glaikojeni, ambayo ni ndugu wa wanga. Zikipakwa iodini huwa kahawia. Seli zilizoanza kuharibika kuelekea saratani zimepoteza akiba hiyo, basi iodini haizishiki, zinabaki manjano. Huko Tenwek, Bomet, madaktari waliwapitishia watu 305 wasio na dalili mrija wenye kamera kooni, wakanyunyiza iodini na kupima vipande vya ngozi ya ndani. Matokeo yalichapishwa 2016: zaidi ya mmoja katika kila 10 alikuwa na seli za hatari, naye hana habari!

Sasa, kuona peke yake si tiba. Uzuri ni kwamba rangi humwonyesha tabibu pa kugusa. Kwa mlango wa kizazi, muuguzi hupaka siki, akangoja dakika moja hivi, na baka baya huwa jeupe. Iodini huonyesha mpaka wake. Kisha ncha ya chuma yenye joto la nyuzi 100 hivi huwekwa juu ya baka kwa sekunde 20 hadi 40. Hakuna kisu, hakuna kulazwa, na mara nyingi hata ganzi haihitajiki.

Hata hivyo si kila baka huchomwa, na hapa someni polepole. Likizama ndani ya mfereji hadi mwisho wake usionekane, likifunika zaidi ya robo tatu ya mlango, au likishukiwa kuwa saratani yenyewe, haliguswi kwa joto. Mgonjwa hupelekwa mbele, kwa mfano hospitali ya rufaa ya Jaramogi, Kisumu. Tena uvimbe wa kawaida nao huweza kuwa mweupe kwa siki. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilipendekeza kipimo cha virusi vya HPV kitangulie.

Kwetu Remba jambo hili lina uzito wake. Mama akiambiwa "rudi wiki ijayo", hiyo ni mashua tena mpaka Mbita, nauli tena, na ziwa likichafuka ndo basi. Akipimwa na kutibiwa siku ileile, safari ni moja.

Wasichana, chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini Oktoba 2019 kwa wenye miaka 10. Aliyechanjwa bado atahitaji kupimwa akiwa mtu mzima, kwani chanjo haizuii aina zote za virusi hivyo.