Tezi Dundumio Inapopungukiwa Nguvu: Dawa, Vitamini na Chakula kwa Kaya za Mbalibali

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, ipo tezi ndogo iitwayo tezi dundumio, ambayo kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani kemikali zinazosafiri ndani ya damu na kuongoza kasi ya utendaji wa moyo, utumbo, misuli, ngozi na ubongo. Homoni kuu ya tezi hiyo ni thairoksini, nayo huundwa kwa madini joto, yaani iodini, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea na kwa hiyo huyapata katika chakula. Tezi inaposhindwa kutoa homoni ya kutosha, kazi zote za mwili hupungua kasi, na hali hiyo ndiyo inayoitwa upungufu wa homoni ya tezi.

Dalili zake huja polepole, wakati mwingine kwa miaka, na hilo ndilo linaloufanya ugonjwa huu upite bila kutambuliwa. Mgonjwa huchoka hata baada ya kulala usiku kucha, huhisi baridi wakati wenzake wanalalamikia joto, hupata choo kigumu, ngozi hukauka, nywele hukatika, sauti hukwaruza, uso huvimba na uzito huongezeka ingawa hali chakula kingi kuliko zamani. Wanawake, ambao hupatwa na ugonjwa huu mara nyingi zaidi kuliko wanaume, huweza pia kuona hedhi nzito au kuchelewa kushika mimba. Ni jambo la kusikitisha kwamba mama anayeshindwa kumaliza palizi kwa sababu hiyo huitwa mvivu, na asiyepata mtoto hudhaniwa amelogwa, ilhali kipimo kimoja cha damu kingeweza kutoa jibu. Kipimo hicho huandikwa TSH kwenye fomu ya maabara, nacho hupima homoni inayotumwa kutoka kwenye ubongo ili kuichochea tezi. Kiwango chake kinapokuwa juu, maana yake ni kwamba ubongo unaihimiza tezi ambayo haiitikii ipasavyo. Uvimbe wa shingo, yaani rovu, waweza kuwapo au usiwepo, na kwa hiyo shingo iliyo laini haimwondolei mtu shaka.

Chumvi na muhogo

Katika miaka ya 1980 inakadiriwa kwamba takribani mtu mmoja kati ya wanne nchini Tanzania alikuwa na rovu, hasa katika nyanda za juu ambako mvua za karne nyingi zimeosha madini joto kutoka katika udongo. Serikali, kwa ushauri wa Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoanzishwa mwaka 1973, iligawa kwanza vidonge vya mafuta yenye madini joto, kisha katikati ya miaka ya 1990 ikafanya uwekaji wa madini joto katika chumvi kuwa takwa la kisheria, na kufikia mwaka 2004 rovu miongoni mwa watoto wa shule ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 7. Mafanikio hayo hulindwa jikoni. Madini joto hupotea pale chumvi inapoachwa wazi, juani au penye unyevu, hivyo chumvi ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto, na itiwe chunguni chakula kinapokaribia kuiva. Magadi, ambayo wengi huyatumia kulainisha maharage au mboga, hayachukui nafasi ya chumvi hiyo. Wala haifai kuongeza wingi wa chumvi kwa kudhani kwamba ndiyo tiba, kwa kuwa mtu mzima anatakiwa asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na zaidi ya hapo shinikizo la damu huwa hatarini kupanda.

Muhogo unastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu ukanda huu wa Mbalibali na Tarime una historia yake. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime ilikumbwa na mlipuko wa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla unaowapata watu wanaokula kwa wingi muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, huku wakikosa vyakula vya protini. Muhogo mchungu una kemikali zinazotoa sumu ya sayanidi, na mwili unapoipunguza makali sumu hiyo huigeuza kuwa thayosayaneti, ambayo huizuia tezi dundumio kufyonza madini joto. Kwa hiyo kaya inayokula muhogo ulioandaliwa kwa haraka na chumvi isiyo na madini joto huipa tezi mzigo maradufu, hata kama hakuna aliyepooza. Suala hapa ni maandalizi, kwani zao lenyewe limewaokoa watu katika njaa nyingi. Muhogo umenywe, uvundikwe kwa siku zinazotosha na kuanikwa hadi ukauke kabisa, wala njaa isiwe sababu ya kukatisha siku hizo. Unga ambao una mashaka waweza kuchanganywa na maji, ukatandazwa juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, ukaachwa kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sumu itoke hewani, kisha ukapikwa ugali siku hiyohiyo. Dagaa, maharage, maziwa na nyama vinavyoliwa pamoja na ugali wa muhogo huusaidia mwili kuondoa sumu iliyobaki. Kabichi na sukuma wiki, ambazo baadhi ya wagonjwa hukatazwa na majirani, hazina madhara zikipikwa na kuliwa kwa kiasi cha kawaida.

Si kila mgonjwa, hata hivyo, amepungukiwa madini joto. Mwaka 1912 daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, alieleza ugonjwa ambao leo hujulikana kuwa kinga ya mwili inayoishambulia tezi yenyewe, na ambao ni chanzo kikubwa cha tatizo hili mahali ambako chumvi yenye madini joto imeenea. Wengine wamefanyiwa upasuaji wa rovu na kubakiwa na tezi isiyotosha. Watu hao hawaponi kwa kuongezewa madini joto, na kiasi kikubwa chake huweza hata kuwazidishia ugonjwa.

Kidonge na saa yake

Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mama wa umri wa miaka 46 kwa maji yaliyokamuliwa kutoka katika tezi ya kondoo, naye akaishi hadi miaka 74. Kidonge cha levothairoksini kinachotumika leo kina homoni ileile ambayo tezi ingeitengeneza, na hivyo hurudisha kilichopungua bila kuutia mwili kitu kigeni. Wengi huhitaji kukitumia maisha yao yote. Kipimo huwekwa na mtaalamu kwa kuangalia uzito, umri na hali ya moyo, kwani mzee au mwenye maradhi ya moyo huanzishiwa mikrogramu chache, kama 12.5 au 25, kisha huongezwa taratibu. Dawa hukaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo nafuu huja baada ya wiki kadhaa, na TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, kisha, hali ikitulia, mara moja kwa mwaka. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukonda ghafla ni dalili kwamba dozi imezidi, na anayeziona arudi kwa daktari.

Linaloharibu tiba hii mara nyingi ni vile vinavyokutana na kidonge tumboni, hata pale ambapo dozi ni sahihi. Kidonge humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa. Kahawa, ambayo Tarime huilima, hupunguza kiasi kinachofyonzwa. Maziwa hufanya vivyo hivyo kwa sababu ya kalisi. Uji wa ulezi, ambao ni chakula bora na una kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine za kawaida, nao hauna budi kusubiri, pamoja na uji wa lishe uliotiwa soya. Hakuna kati ya vyakula hivyo kilichopigwa marufuku, kinachotakiwa ni mpangilio wa saa tu. Anayeamka kukamua ng'ombe ameze kidonge kabla ya kutoka, kwa kuwa anaporudi muda unaotakiwa huwa umekwishapita. Asiyeweza asubuhi ameze usiku, saa 3 au zaidi baada ya mlo wa mwisho. Aliyesahau ameze akumbukapo siku ileile, wala asimeze viwili kesho yake ili kufidia. Dawa iwekwe mahali pakavu na penye ubaridi, si karibu na jiko wala dirishani penye jua.

Vidonge vya madini chuma na foliki asidi vinavyoitwa FEFO kliniki, vidonge vya kalisi na dawa za kupunguza asidi ya tumbo vitenganishwe na levothairoksini kwa saa 4. Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, pamoja na baadhi ya dawa za kifafa, huifanya homoni iishe haraka mwilini, na anayezianza amweleze mtaalamu ili dozi ipimwe upya.

Vitamini zina nafasi yake, lakini haziwezi kuitibu tezi. Upungufu wa vitamini B12 huonekana zaidi kwa wenye ugonjwa wa Hashimoto na huleta uchovu na ganzi miguuni, hivyo hupaswa kupimwa. Madini chuma yanapopungua tezi hushindwa kuyatumia vizuri hata madini joto iliyonayo. Vidonge vya urembo wa nywele na kucha vyenye bayotini huweza kupotosha majibu ya maabara, na visitishwe angalau siku 2 kabla ya kipimo. Dawa za mitishamba zinazouzwa kwa ahadi ya kuyeyusha rovu zisichukue nafasi ya kidonge.

Mjamzito na mtoto mchanga

Mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama katika miezi ya mwanzo, wakati ubongo wake unapojengwa, na mahitaji ya mama hupanda kwa takribani robo au zaidi tangu wiki za kwanza. Levothairoksini ni salama kwa mimba na kwa kunyonyesha, na kuiacha ndiko kunakoleta hatari. Mtoto mchanga mwenye manjano isiyoisha, ulimi mkubwa, sauti nzito, choo kigumu na usingizi unaomfanya asinyonye apelekwe hospitali bila kungoja, kwa sababu akianza tiba ndani ya wiki 2 za kwanza hukua vizuri kama wengine, na akichelewa akili yake huweza kudumaa. Kila kaya yenye mama anayemeza levothairoksini inaombwa impeleke kliniki mara tu mimba inapogundulika, akiwa na pakiti ya dawa yake mkononi, na baba asimame naye katika safari hiyo.