Elimu kwa Mwenye Gari: Kioo cha Umeme Kikigoma, Anza Hapa

Mkazi wa Amu mwenye gari huliacha Mokowe na kuvuka kwa boti. Gari hubaki siku kadhaa kwenye upepo wa bahari, chumvi ikaingia kwenye swichi na maungio ya waya. Ukiongeza vumbi la barabara za ndani, si ajabu vioo vya umeme vya gari la zamani kugoma.

Hili si jambo dogo. Kioo kisichopanda wakati wa masika huingiza maji na kumkaribisha mwizi. Kisichoshuka huziba njia ya kutokea iwapo mlango utakwama katika ajali. Kabla ya kukubali kununua mota mpya, fanya ukaguzi huu.

1. Hesabu vilivyogoma. Washa injini kwanza, kwa kuwa betri dhaifu huvifanya vioo kuwa vizito. Vyote vikiwa kimya, kagua fyuzi. Iliyoungua ibadilishe kwa nyingine yenye ampea zile zile. Ikiungua tena, kuna hitilafu ya waya au mota. Usiweke fyuzi kubwa zaidi wala kipande cha waya: hapo ndipo moto huanzia. Vikigoma vya abiria pekee, angalia kitufe cha kufungia vioo kwenye mlango wa dereva. Huenda kimebonyezwa bila kujua.

2. Jaribu swichi zote mbili. Kioo cha abiria kikikataa swichi moja na kutii ya dereva, au kinyume chake, mota ni nzima. Tatizo liko kwenye swichi au waya wake. Mara nyingi swichi husafishika kwa dawa ya kupulizia ya vifaa vya umeme.

3. Sikiliza. Mota ikinguruma na kioo kisisogee, kebo imekatika au meno yamelika. Kioo kikipanda polepole, safisha raba za pembeni, kisha upulize silikoni. Usitumie oili, kwani hushika vumbi na kuharibu raba.

4. Tikisa waya. Kwenye bawaba za mlango, waya hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na baada ya miaka hukatika ndani ya mpira wake. Mtu mmoja abonyeze swichi, mwingine autikise. Kioo kikishtuka, umepata ugonjwa.

5. Pima mota. Fungua jalada la ndani la mlango na upime kwa testa kwenye plagi ya mota huku swichi ikibonyezwa. Umeme ukifika na njia ya kurudia ikiwa nzima, lakini mota haizunguki, hapo ndipo mota mpya inahitajika.

Usalama kwanza: kabla ya kufungua kifaa chochote, chomoa waya hasi wa betri na ubane kioo kwa utepe imara kisianguke. Usitie vidole kwenye mtambo wakati kuna umeme.

Mwisho, wazazi tuwe macho. Magari mengi ya zamani hayana kinga ya kurudisha kioo kinapokutana na mkono au shingo ya mtoto. Unaposhuka, hata kwa dakika moja ukisubiri boti, ondoka na ufunguo na usimwache mtoto garini.