Wakala wa akili mnemba katika biashara ya rejareja

Swali: Wakala wa akili mnemba anabadilisha nini katika ununuzi wa mtandaoni?

Jibu: Mtambo wa kawaida wa kutafuta humwachia mnunuzi orodha. Wakala hupokea agizo, mathalani viatu vya mvua visivyozidi bei fulani, akalinganisha maduka, akachagua na pengine hata kulipa. Septemba 2025 kampuni ya OpenAI iliwawezesha wanunuzi wa Marekani kulipia bidhaa za wauzaji wa soko la mtandaoni la Etsy ndani ya programu yake ya ChatGPT. Wakala anaponunua, picha ya kuvutia ya bidhaa hupungukiwa nguvu, kwani anayeisoma ni programu. Kinachohesabika ni vipimo, bei na idadi iliyobaki ghalani. Ugomvi kati ya maduka na wenye mawakala, hata hivyo, unamhusu mteja: abaki mikononi mwa duka au mwa wakala? Novemba 2025 duka la mtandaoni la Amazon liliishtaki kampuni ya akili mnemba ya Perplexity, likidai kivinjari cha kampuni hiyo, Comet, kilinunua dukani humo kwa niaba ya watu bila kujitambulisha kuwa ni wakala.